Fyuzi Isiyokatika

Korogwe,
12 Juni 1976

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Tatu, Kwedizinga,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itawakuta wazima, goti lako limepata nafuu, na nguruwe hawajamaliza mahindi. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haitulii. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana, na nimeshainuka mara nne kuchungulia nje kana kwamba kuna anayeniita.

Barua yako nimeipata. Mwandiko wa mdogo wangu Chausiku umepinda safari hii, sikuuzoea hivyo. Unasema habari za Semboja zimefika huko, na kwamba washenga wake wakija Jumapili utawarudishia posa yao, maana humwozi binti yako Chausiku kwa mhujumu. Mama, hebu ngoja kwanza.

Hapa kiwandani mashine ya kusaga mkonge inaendeshwa na mota, na mota ina fyuzi yake. Fyuzi ni kijiwaya chembamba tu. Makapi yakikwama, umeme hufurika, kijiwaya kikakatika, mashine ikazima kabla haijaungua. Semboja, fundi wangu mkuu, aliponifundisha kazi alizoea kusema fyuzi ni mlinzi, hufa yeye ili wenye nyumba wapone. Ole wake atakayeweka mlinzi asiyekufa.

Mwezi wa nne fyuzi za akiba zilikwisha, na zilizoagizwa Tanga hazikuja. Tukawa tunaungaunga vijiwaya, mashine inazima kila siku, mkonge unaoza, meneja anatufokea kwamba tunarudisha taifa nyuma. Halafu ikatulia. Wiki tatu haikuzima hata mara moja! Nikasifiwa mbele ya wafanyakazi wote, nikapewa ile kanga niliyokutumia, uliyoivaa kwenye arusi ya binamu Mwaija.

Jumatatu iliyopita makapi yalikwama na fyuzi haikukatika. Mota ikaungua, moto ukapanda kwenye nyaya, Mhina mwendesha mashine akaungua mikono yote miwili. Semboja alizima swichi kuu, akafungua sanduku la fyuzi, akachomoa kilichokuwamo. Wakamkuta nacho mkononi: kipande cha spoku ya baiskeli. Funguo za sanduku anatunza yeye, basi wakasema ni hujuma ya mali ya umma. Yuko mahabusu. Alipoulizwa nani ameiweka, alinitazama mimi, akasema hajui. Nami nikanyamaza.

Chausiku, najua ni wewe unayemsomea mama. Usiruke hapa, soma kwa sauti. Spoku ile ni ya baiskeli ya marehemu baba, na niliyeiweka ni mimi. Funguo nilimwomba Semboja, nikasema nakwenda kufuta vumbi. Alipoiona aliijua, maana baiskeli ile tumeitengeneza naye. Amenyamaza kwa ajili yako, hataki kumfunga kaka yako.

Naogopa, mama. Lakini nikishaitia barua hii posta, nakwenda moja kwa moja kituo cha polisi, kabla miguu haijabadili nia. Kanga ile usiivae tena.

Nisalimie Mwaija na mumewe, na majirani wote wanaoniulizia. Washenga wapokee vizuri, uwapikie. Wakikuambia Semboja ametoka, ujue mimi nimeingia.

Ni mimi mwanao,
Mdoe