Filinna Ashuka Shimoni kwa Demeta

Siku ya Kupanda Kilima, 11 ya mwezi wa Pianepsioni

Wamemchagua Filinna! Kati ya mabinti wote walioolewa mwaka huu — wangu! Ndiye atakayeshuka shimoni kuzoa nguruwe wachanga tuliomtupia Demeta, mungu wetu wa nafaka, wakati wa kiangazi. Wameshaoza, watachanganywa na mbegu. Bila mikono ya mwanangu shayiri ya kijiji kizima haioti. Nimemwambia kila niliyekutana naye njiani. Wengine mara mbili.

Vibanda vya matawi tayari. Waume wote wako bondeni; huku ni wanawake tu, mwanamume haruhusiwi. Raha iliyoje!

Siku ya Mfungo, 12

Njaa. Tumekaa chini kama Demeta alivyokaa binti yake alipoibwa. Mchana matusi — lazima, maana hata yeye alichekeshwa kwa matusi. Jirani yangu Timo kasema makalio yangu yangekanyaga shayiri yote bila ng'ombe. Nikamwambia mumewe hana hata punje ya kukanyaga. Tulicheka mpaka machozi.

Kisha tukashika viboko vya magome tuchapane, kama ilivyo desturi. Nguo ya Filinna ikateleza begani. Mgongo mweusi tii kwa kipigo! Na sisi tulikuwa hatujamgusa.

"Glauko?" nikamuuliza. Ndiye mumewe.

"Mama, niache. Leo ni mfungo."

Baba yake alimwoza bila kuniuliza. Zeusi naye alimtoa Persefone, binti yake na Demeta, hivyohivyo, mama mtu hana habari. Demeta alifanyaje? Alimpikia mkwe? Alikausha dunia! Watu walikufa, ng'ombe walikufa, hata miungu ikakosa sadaka. Nikapaza sauti: Filinna harudi kwa yule mnyama! Kambi nzima ilisikia. Kijakazi wa Glauko aliyeleta maji naye alisikia. Potelea mbali.

Siku ya Uzao, 13

Niandike.

Asubuhi Filinna alishuka kwa kamba. Shimoni kuna nyoka. Sisi juu tunapiga makofi, nao wanajificha. Makofi yakikoma wanatoka. Akapanda na kikapu kimejaa, ananuka — na mzuri! Nililia.

Ndipo Glauko akaruka ukuta wa kambi. Mwanamume, humu! Akamkamata nywele. "Twende nyumbani, malaya we!" Akamburuza juu ya mawe.

Sijui nani alianza. Timo alikuwa na kisu cha nguruwe — sikio likabaki linaning'inia. Mimi jiwe, mdomoni. Meno mawili yalitoka, niliyaona. Wanawake sitini! Akarudi kinyumenyume, damu machoni. Nikamsukuma. Hapa nasema kweli: ni mimi. Akatumbukia.

Mguu umevunjika. "Mama! Nitupie kamba, mama!"

Leo mimi ni mama yake!

Kuhani wetu, Habrote, ameikunja kamba akaikalia. "Ameona yasiyoonwa. Demeta ataamua mwenyewe. Anayetaka kumpigia makofi, apige. Nani anataka?"

Mwanzoni tuliopiga tulikuwa wengi, kwa hofu tu. Timo kaacha, anafuta kisu. Wengine wakaacha, mmojammoja, wakaenda kuwasha moto wa karamu.

Amebaki Filinna. Amepiga magoti ukingoni, bado anapiga, viganja vyekundu. Hakuna mwenye moyo kama mwanangu, nimesema siku zote!

"Mama, weka hiyo kalamu. Njoo unisaidie."

Nimemwambia angoje, namalizia mstari.

Anachoka, maskini. Makofi yamekuwa mojamoja. Chini kule Glauko anayasikiliza.

"Mama!"

Namalizia, mwanangu. Namalizia