Ukurasa Anaoungoja Mama

Kaka yangu,

Huku tu wazima. Goti la Mama limepata nafuu. Mlango wa jikoni bado unalia kama mbuzi, maana fundi ni yuleyule wa "kesho asubuhi".

Mama amepigilia msumari kwenye kibanda chake sokoni. Tangu umpigie simu, "Mama, nimesimama bungeni nikaukataa muswada wa kubomoa soko," hakamatiki. Akina mama wenzake, waliokutafutia kura za ubunge hadi ndala zikakatika, wanampongeza kama kajifungua upya. Sasa kaniagiza mimi, mchapaji wa kumbukumbu za Bunge, nimletee ukurasa wenye maneno yako autundike.

Nimesikiliza kanda ya siku ile mara tatu. Hukusimama. Spika alipouliza wanaoafiki muswada ule, kipaza sauti chako kilikuwa wazi. Nikasikia kikohozi chako cha tangu utotoni, kisha "Ndiyo!" ya kupasua masikio, na meza ukaigonga.

Usihofu, kura ya sauti haiandikwi majina. Nilichapa kwa vidole vyangu hivi hivi: "Hoja imeafikiwa." Bunge limekusitiri.

Mimi si Bunge. Jumamosi nampelekea Mama ukurasa huo. Ukiona vibaya, njoo umsomee mwenyewe. Usipokuja, akiniuliza maneno yako ni yapi, nitaweka kidole juu ya "imeafikiwa".

Dada yako wa ziwa moja