Modestus Alipowahi Mrija

Nyakisasa, Ngara

Mdogo wangu Scholastika,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia! Mguu unaendeleaje? Na madereva wa malori hapo Lusahunga, bado wanausifia wali wako? Sisi wazima. Mimi nazidi kuwa kijana, wajane wa hapa wanalalamika.

Sasa habari ya shamba la baba. Ildefonsa wangu alikuja. Siku hizi ni profesa kabisa, anafundisha katiba na haki za binadamu. Akili kachukua kwangu, mama yake alichangia meno tu.

Ukoo ukakaa. Akawaambia katiba inampa mwanamke naye haki ya kumiliki mali, kwa hiyo shangazi yake apewe fungu. Modestus, yule mkubwa wa ukoo, akamuuliza hiyo katiba imewahi kupalilia migomba ya nani. Watu wakacheka. Hata mimi, kidogo.

Desturi yetu unaijua: chungu cha pombe ya ndizi kinakaa katikati, hakuna kugusa mrija mpaka neno liishe. Aliyekunywa amekubali. Na ile pombe niliipika mimi, hata padri huisogelea. Maneno yakarefuka, jua likawaka, Modestus akajisahau, akavuta mrija! Nikaruka kama mbuzi, nikatangaza kesi imekwisha, Scholastika kapata.

Mwanangu akanikalisha, mbele za watu! Akasema haki ya shangazi yake haipatikani kwa kiu ya mzee. Modestus aulizwe upya, akikataa akatae. Nilitamani kumchapa. Nikaona shamba lako linaondoka.

Modestus akauachia mrija. Halafu akasema kesi zote alizokaa, hajaona mtu anarudisha ushindi. Akauliza fungu lako liishie wapi. Nikamwonyesha, kutoka kisimani mpaka kwenye miti ya kahawa. Ndipo akanywa, na safari hii alikunywa kweli.

Baadaye nikamuuliza Ildefonsa ujinga ule kaupata chuo gani. Akanipa neno, akaomba nikufikishie. Ile siku uliyorudi na mzigo kichwani, umefukuzwa kwa wakwe, ukoo ukakujibu kwamba mwanamke hana shamba kwao, yeye alikuwa mdogo, anasikia yote. Anasema vitabu vyote alivyosoma, na alivyoandika, alikuwa anakutafutia jibu.

Basi njoo, mvua ziko karibu. Jembe uje nalo, langu siazimi.

Wasalimie wateja, usiwaambie umri wangu.

Kaka yako mzuri kuliko wote, ingawa niko peke yangu,
Anatoli