Unga wa Goti

Yogyakarta, 3 Machi 1994

Wening mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila goti langu la kulia. Nikipeleka chai ikuluni, kwa ule mwendo wetu wa kuchuchumaa mbele ya wakubwa, linalia kama mlango mbovu. Kaka yako anasema niache kazi. Ananyemelea nini huyu? Wewe ni nesi, niambie kweli: ni upepo umeniingia, au kuna mkono wa mtu?

Baba yako

Surabaya, 14 Machi

Bapak,

Naweka uso gotini pako kwa heshima, lile zima. Hakuna upepo wala mtu. Ncha za mifupa ya goti zimevikwa gegedu telezi, na ndani mna ute wa kulainisha. Miaka thelathini ya kuchuchumaa imelila gegedu lako, na likishalika halirudi. Lakini paja likipata nguvu hulipunguzia goti mzigo. Kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi kumi. Na uombe kazi ya kukaa.

Mwanao

20 Aprili

Wening,

Hujambo? Mimi sijambo sana. Kazi ya kukaa! Hayo ni maneno ya kaka yako, neno kwa neno. Mmepanga. Bahati nzuri mama yako kaniletea kutoka sokoni unga wa jamu, ile dawa yetu ya mizizi, pakiti moja kila asubuhi. Siku ya tatu nilichuchumaa kama kijana! Hata uso umenenepa. Gegedu lako mbona limerudi?

Baba

2 Mei

Bapak,

Nakuamkia kwa hofu. Uso huo si afya. Mizizi haitulizi goti kwa siku tatu. Nashuku wauzaji wamesagia humo vidonge vikali vya hospitali. Vinaficha maumivu, gegedu linazidi kulika. Lakini tafadhali usiache ghafla, mwili umeshavizoea. Daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Mwanao

9 Mei

Wening,

Ni sumu, ila niendelee kunywa? Nimezaliwa jana? Leo nimemwaga zote mtaroni. Tuone nani mwongo.

Baba

27 Mei

Wening mwanangu,

U mzima? Nakuandikia kutoka kitanda cha hospitali. Siku ya nne nilianguka na sinia, sijitambui. Daktari kanieleza yale yale yako, nikamwamini kwa kuwa si mwanangu. Naona aibu.

Jana nimegundua mama yako naye alikuwa akinywa unga ule kwa magoti yake. Alipoona nimeanguka, akautupa wote. Sasa hali chakula, anatapika, kusimama hawezi. Nimemtumia ujumbe aje kwa daktari, akajibu, "Na wewe wameshakupata?"

Hamwamini yeyote, na mimi ndiye niliyemfundisha. Panda treni ya kwanza, uende nyumbani kabla ya kuja kwangu.

Baba yako