Kiazi Alichokula Tabita

Baba Tabita,

Sijui mtu humsalimuje mume aliyelala chini ya udongo. Basi nakusalimu kama nilivyozoea ukirudi jioni na mashudu ya alizeti yamekushika nguoni: pole na kazi, karibu.

Sisi huku Mtinko tupo. Mashine ya kukamua alizeti uliyokuwa unaisimamia imehamia mjini. Tajiri wako alisema wenye malori wanazikomba mbegu zote mashambani kabla hazijamfikia. Na lile ghala la ushirika ulikopima mazao kwa mizani ujana wako wote, sasa mtu amelikodi anauzia mitumba. Mimi nalima, na siku ya mnada nauza mafuta kwa chupa. Amosi ameanza shule. Anasema anakukumbuka, lakini akikusimulia namwona anaisimulia ile picha ya ukutani, maana kila mara anakutaja na koti. Hajui kwamba koti lile uliliazima.

Tabita yuko darasa la nne. Ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Utakumbuka siku tuliyorudi kutoka hospitali ya misheni, juu ya lori la magunia, nimekukinga upepo kwa khanga yangu. Daktari hakutuficha. Alisema ini limeshaharibika, uvimbe umekua, wao hawana la kufanya. Alitupa vidonge vya maumivu akasema tukakae nyumbani na watoto. Wewe ukamshika mkono ukamshukuru kama mtu aliyeonyeshwa njia. Mimi hata kwaheri sikumpa. Nilisema moyoni, huyu ni binadamu tu, hajui neno la mwisho liko kwa nani.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa nyumba ya maombi, na hilo sitalijutia. Akina mama wa kanisani walikuja na kuni, na unga wa uwele, na mlenda wa kukausha. Waliimba, nawe uliimba nao kwa sauti ndogo, macho umefumba. Pasipo watu wale tungeanguka wiki ya kwanza. Najua hivyo, nawe ulikuwa ukisema hivyo.

Kosa langu lilianza pale nilipomkalisha Tabita kwenye kigoda mlangoni pa chumba chako. Alikuwa na miaka minane. Nikamwambia, "Mungu hamkatalii mtoto. Ukiomba usichoke, ukafunga kama sisi wakubwa, baba atapona." Akaniuliza, "Kweli, mama?" Nikamwambia kweli kabisa.

Uliyasikia yote kutoka kitandani. Alipokwenda kisimani ukaniita.

"Mama Tabita, usimwahidi mtoto kitu ambacho hakiko mkononi mwako."

Nami nikakujibu. Ee Baba Tabita, kama maneno yangekuwa mbegu ningeyaokota moja moja nikayatupa motoni. Nilikwambia, "Imani haba kama hiyo ndiyo inayokulaza hapo."

Hukukasirika. Ningependa ungekasirika. Ulinitazama kwa macho yako yaliyokuwa yamegeuka manjano, ukaniomba maji. Nikakuletea, ukanywa, ukasema asante.

Siku chache baadaye ulisema, "Niitie watoto, nataka kuzungumza nao."

Nikauliza, "Mazungumzo gani? Ya kuaga?"

"Ya baba na watoto wake."

Nilikataa. Nilisema ukiwaaga utakuwa umeshakubali, na shetani anasubiri hilo tu. Ukaniomba tena mara ya pili, siku ile mvua ya kwanza iliponyesha, nikasema utazungumza nao ukishapona, mna miaka mingi mbele yenu. Mara ya tatu hukuomba. Watoto walipoingia kukusalimia nilisimama palepale kichwani pako kama askari, na wewe ukaishia kuwauliza habari za shule na za kuku. Amosi alikuonyesha kidonda cha gotini. Ulikipuliza.

Ulituacha Jumapili asubuhi, watu wakiwa ibadani. Watoto walikuwa wamekwenda na jirani. Tulikuwa wawili tu, nikiwa nimeshika mguu wako, na hata wakati ule nilikuwa bado nakemea mauti kwa sauti, badala ya kukwambia kwamba nilikupenda.

Baada ya mazishi Tabita alinyamaza. Watu walisema ni uchungu, utapita. Lakini aliacha kuomba. Tukishika mikono kabla ya kula yeye anaiweka yake nyuma. Kanisani anakaa kama gogo. Nilimbembeleza, kisha nikamwonya, kisha, sikufichi, nikamchapa. Nilimchapa fimbo mtoto wako kwa sababu hafumbi macho wakati wa sala. Hakulia. Aliniangalia tu kama ulivyoniangalia wewe.

Hali ikaenda hivyo karibu miaka miwili, hadi mwezi uliopita. Tulikuwa uani tunapiga alizeti, mimi na yeye. Amosi alikuwa ndani, homa imempanda, si kubwa, nilikuwa nimeshampa dawa. Nikasema, "Weka fimbo chini, twende tumwombee mdogo wako."

Fimbo ikamponyoka.

"Mimi nisimwombee, mama. Nikimwombea atakufa."

Nikamuuliza nani kamwambia maneno hayo.

"Ile Ijumaa nilikula kiazi," akasema. "Tulikuwa tumefunga. Jirani alikuwa anachemsha viazi, akanipa kimoja, nikala nyuma ya nyumba yake. Ulisema tufunge mpaka jua lizame. Mimi nikala, na Jumapili baba akafa."

Nikakaa juu ya makapi. Miaka miwili, Baba Tabita! Mtoto amebeba jeneza lako peke yake miaka miwili, anakwenda nalo shule, anarudi nalo, analala nalo, na mimi niliyemtwika nikimchapa kwa nini hatembei wima. Kwa sababu ya kiazi. Kiazi cha kuchemsha, mtoto wa miaka minane, mwenye njaa.

Nilimvuta nikampigia magoti. Sikujali nani anapita njiani. Nikamwambia, "Baba yako hakufa kwa kiazi. Alikufa kwa ugonjwa wa ini, na daktari alituambia mapema kwamba hatapona. Mimi ndiye niliyekuahidi jambo ambalo Mungu hakunituma kuahidi. Nilikuwa naogopa, nikakufanya wewe uogope badala yangu. Nisamehe."

Alisikiliza. Unajua anavyosikiliza, kidole mdomoni, kama anahesabu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo baba alijua atakufa?"

"Alijua."

"Mbona hakutuaga?"

Hapo ningeweza kujificha. Ningesema ulizidiwa, au hukutaka kututia huzuni. Maneno yalikuja mdomoni yakiwa yameshapangwa. Nikayameza.

"Alitaka. Aliniomba mara mbili awaite. Mimi nikamzuia."

Tabita aliinuka, akaokota fimbo yake, akaendelea kupiga alizeti. Alizipiga mpaka jua likaenda, zikabaki maganda matupu, na mimi sikumwambia basi. Siku mbili hakusema nami neno. Anachota maji, anapika, anamwogesha Amosi aliyekwisha kupona, lakini mimi ananipita kama nguzo.

Siku ya tatu alinifuata jikoni. Hakukaa.

"Alitaka kutuambia nini?"

Baba Tabita, sijui.

Nimekaa na wewe miaka kumi. Najua unavyokohoa, najua ugali wako uwe mgumu kiasi gani, najua ulivyoogopa radi ukajidai huogopi. Lakini hilo silijui, kwa sababu mlango niliufunga mwenyewe. Ningeweza kumtungia. Mkawe watoto wema, msome, mmtii mama yenu. Kila baba husema hivyo, angeamini. Lakini nilishamdanganya mara moja kwa jina la Mungu, sikuweza kumdanganya mara ya pili kwa jina lako. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Nami najuta kuliko ninavyoweza kukueleza." Akakaa. Tukalia pamoja, yeye kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Maharage yakaungua, tukayala hivyohivyo.

Sasa tunaomba bado, jioni kabla ya kula. Siombi tena kama mtu anayedai. Nataja majina yetu, nataja lako, nashukuru, nanyamaza. Amosi ndiye anayesema amina kwa sauti ya kuamsha mtaa. Tabita ameanza kutupa mkono wake tuushike. Macho hafumbi, na amina hasemi. Namwacha. Nadhani wewe ungemwacha.

Na wewe nisamehe. Ulinipa nafasi mara mbili na ya tatu ukanisitiri kwa kutoniomba, ili nisipate kukataa tena. Uliondoka umenyamaza kwa ajili yangu. Nilikuita mwenye imani haba, kumbe katika nyumba ile wewe ndiye uliyeweza kumtazama Mungu usoni bila kumwekea masharti.

Lala, mume wangu. Kaburi lako tumelipanga mawe upya, mbuzi hawapandi tena. Nakuahidi hivi: sitamwambia mtoto wako yeyote jambo nisilolijua nikidai nalijua. Na ikifika zamu yangu, nitawaita wote wawili nikae nao, nizungumze mpaka wachoke.

Tabita ameniomba Jumamosi aje kwako peke yake. Anasema kuna kitu anataka kukwambia. Nimemwambia aende. Nitamsindikiza mpaka kwenye ua wa minyaa wa makaburini, nitabaki pale, na akirudi sitamuuliza.

Ni mimi mkeo,
Mama Tabita