Kengele za Baba na Bendera ya Yvon

Mtaa wa Kinu,
Rietenbach, Baden, Ujerumani.
23 Novemba

Mpendwa kaka Volkmar,

Habari za huko Valparaíso? Goti la shemeji Consuelo limepata nafuu? Na Emilio je, bado anagombana na hesabu? Natumaini barua hii itawakuta wazima na joto lenu, maana sisi baridi imetuwahi mwaka huu na nakuandikia nikiwa nimejifunika blanketi. Mimi sijambo. Baba naye hajambo, ila kifua kinambana asubuhi, na ukimtajia daktari anakuwa mkali.

Kaka, Wafaransa wameondoka. Najua ulisikia kwamba kikosi chao cha jeshi kingetoka hapa kwetu na kurudishwa kwao, lakini kusikia ni kitu kimoja, kuona ni kingine. Mwezi wa sita walishusha bendera yao kambini, yetu ikabaki peke yake. Wakubwa wa Paris na Berlin walikuja kuhutubia. Walisema ulinzi wa pamoja una nguvu kuliko zamani, na kwamba ndege za kivita zitaundwa kwa pamoja. Baba alisikiliza kofia mkononi, kisha akaninong'oneza, "Ndege wataunda pamoja, sawa. Supu ya vitunguu nitakunywa na nani?" Nilicheka, lakini moyo uliniuma. Gudrun wa duka la mikate bado anaoka ile mikate yao mirefu kwa mazoea, na jioni anaigawa bure.

Aliyebaki ni Yvon Kerdraon, yule sajini mstaafu aliyemwoa Roswitha wa kwa fundi saa. Tangu tumzike Roswitha, kila Jumapili alikuwa akila kwetu, na yeye na Baba walitaniana mpaka chakula kinapoa.

Unakumbuka utaratibu wetu wa tarehe kumi na moja Novemba. Saa tano asubuhi Wafaransa hukusanyika makaburini, kwenye jiwe la wenzao waliofia hapa wakiwa mateka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyokoma tarehe hiyo, wakasoma majina na kunyamaza. Dakika kumi na moja baadaye sisi hufungua msimu wa kanivali, na mavazi yetu ya vichekesho na ngoma uwanjani. Mwaka wao wa kwanza hapa ngoma zetu ziliangukia katikati ya kimya chao, na Baba aliona aibu isiyo na mfano. Yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa chama cha kanivali, akaamua ngoma zisubiri mpaka tarumbeta lao lilie. Nao wakimaliza walishuka uwanjani kunywa nasi. Hapakuwa na mkataba wala muhuri, na ilidumu miaka yote hiyo.

Mwaka huu Yvon aliuliza kama bado tutasubiri, na Baba akampa mkono. Lakini mwenyekiti sasa ni Falko, mtoto wa mwenye bucha. Kwenye mkutano alisema, "Babu, kikosi kimeshaondoka. Tumsubiri nani?"

"Yvon."

"Mtu mmoja! Uwanja mzima ugande kwa baridi kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Mtu mmoja, ndiyo. Kwani wewe ni wangapi?"

Watu walicheka, kisha wakapiga kura na Baba akashindwa. Nasikitika kukuambia hata binamu Ottmar aliinua mkono upande wa Falko.

Siku ilipofika Baba alivaa vazi lake la kanivali, lile lenye kengele tangu kifuani hadi vifundoni, maana hakutaka kuwasusia wenzake. Ila alinitaka nimpeleke makaburini kwanza. Yvon alikuwa peke yake na nishani zake na bendera ya kwao.

"Umekuja makaburini na kengele, wewe mla kabichi?"

"Soma, mla konokono. Baridi hii."

Baba alizikumbatia kengele za kifuani zisilie. Za miguuni nilizishika mimi, nimepiga magoti kwenye majani yenye barafu. Yvon alikuwa hajafika nusu ya majina ngoma zilipoanza kule chini. Akamwambia Baba, "Basi, Alfons. Hawasikii tena."

"Mimi nasikia. Endelea."

Alijaribu, akashindwa. Baba akasogea kwenye jiwe akasoma yaliyobaki, kwa kile Kifaransa chake kibovu walichokuwa wakikicheka kambini. Alitetemeka mpaka kengele zikamponyoka zikalia. Hatukushuka uwanjani siku hiyo.

Juzi Yvon alihamia Brest, kwao Ufaransa, kwa binti yake. Alituachia bendera, akamwomba Baba aliangalie kaburi la Roswitha. Baba alisema ndiyo tu, akamfungia sanduku kwa kamba. Natamani angemwambia abaki. Nadhani Yvon alikuwa akingoja kuambiwa, kwani alikaa sana mlangoni na koti mwilini. Wazee hao walijua kutukanana kwa lugha mbili, lakini hilo hawakuweza kulisema hata kwa moja, na mimi nitalijutia siku zote.

Nisalimie shemeji sana, Emilio umbusu, na mama mkwe wako mpe pole ya macho. Gudrun anakusalimu. Ottmar pia, ingawa mimi bado sijamsamehe.

Baba amesema mwakani atakwenda kwenye lile jiwe mwenyewe, akiwa na vazi lake. Jana aliichukua ile bendera akajaribu kuisimamisha jikoni, akaona inahitaji mikono yote miwili. Akaniuliza, "Sasa kengele atazishika nani?" Nikamwambia za miguuni ni zangu. Kuhusu za kifuani, nimemwambia nitakuandikia wewe.

Mungu awalinde na kuwapa safari njema, mkiamua kuja.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Ute