Kikopo Kilichopelekwa Kupunga Upepo

Shoga, sina hamu. Shemeji yako amenitia kinyaa leo, sijui nitakaa naye vipi meza moja.

Si unavikumbuka vile vikopo vya kupimia radoni, ile gesi ya ardhini isiyo na harufu inayoharibu mapafu? Mpimaji alisema kikopo kikae chumba cha chini, madirisha yakiwa yamefungwa. Na chumba cha chini ndiko anakolala mama yake mzazi.

Leo majibu yametoka. Nyumba yetu safi kuliko zote mtaani. Mume wangu kavimba kichwa mbele ya majirani: "Mnunuzi wa nyumba aje hata kesho."

Mpimaji hakuamini. Akamuuliza mama kikopo kilikaa wapi.

Mama akajibu taratibu, "Mwanangu alikitoa siku ileile, akakitundika roshani huko juu, kwenye kamba ya nguo."

Kwenye kamba ya nguo, shoga. Pamoja na soksi zake.

Mume wangu eti, "Mama, mambo mengine ni ya ndani."

Mama akamtazama. "Kikopo ulikihurumia, ukakipeleka kupunga upepo. Mimi ukaniacha humo humo."

Nimeshampandisha mama chumbani kwetu. Mwanawe atalala kule chini, madirisha yakiwa yamefungwa.